Tangi la Milimita

Mtu pekee aliyejua kwamba kitako cha lile tangi la samaki hakitobolewi alikuwa amelala chumba kilekile, hatua tatu kutoka kwenye drili, na sisi tukamgeuza akaangalia ukuta. Tena tulimgeuza kwa upendo. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili asiwepo wa kudhani kwamba natafuta wa kumbebesha lawama. Mito niliipanga mimi, kwa mikono yangu miwili.

Mtu huyo ni shemeji yangu, mume wa dada. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake, wote humwita Milimita. Amefanya kazi ya vioo miaka thelathini na moja: madirisha, milango ya maduka, vioo vya kujitazamia, rafu za maduka ya dawa. Jina alilipata kwa sababu sentimita kwake ilikuwa kipimo cha wavivu. Ukimuuliza kituo cha basi kiko umbali gani, atakujibu kwa milimita, uso mkavu, halafu akuache ukipiga hesabu barabarani. Siku ya harusi yake alimsimamisha mpiga picha ili kwanza anyooshe pambo la ukutani lililokaa upande. Marehemu mama akamnong'oneza dada, "Mwanangu, umeolewa na rula."

Mimi sikuwa nampenda sana, na sioni sababu ya kuficha. Mtu asiyekosea anachosha. Ukikata kitambaa mbele yake anatazama mkasi wako, ukipika anatazama kisu, na hasemi neno, anatazama tu.

Kiharusi kilimkuta karakana, amesimama, penseli sikioni. Tangu siku hiyo hakusema tena, hakusogeza mkono wala mguu, na chakula kikawa kinapita kwenye mpira uliopenyezwa puani. Daktari alisema huenda anasikia, huenda hasikii, tusubiri. Mimi ni mfuaji wa mashuka hospitalini, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimefua ya waliopona na ya wasiopona, nikajiona nimeshahitimu udaktari. Nikaamua kwamba shemeji hayupo, na nikalisema hilo palepale kitandani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema mbele ya kabati.

"Dada, unamwosha nani? Huyu alishaondoka. Wewe umebakiwa na mzigo."

"Nyamaza, atakusikia."

"Atasikia na nini?"

Ulimi hauna mfupa, na wangu mimi hata gegedu haukupewa.

Dada alikuwa na ushahidi mmoja tu wa kunipinga, nao ni tangi. Chumba chao cha kulala kilikuwa chembamba mno kwa kitanda cha mgonjwa, kwa hiyo alilazwa sebuleni, na sebuleni ndipo lilipokuwa lile tangi, juu ya kabati la mbao, likitazamana naye. Mlikuwa na samaki wekundu sita na mmoja mweusi mwenye macho ya kutokeza, ambaye Dada alimwita Meneja kwa sababu alipenda kusimama kona moja akiangalia wenzake wanavyohangaika. Macho ya Milimita yalikuwa yanamfuata Meneja. Si kila mara, lakini Meneja akitoka kwenye kona yake, akakatisha hadi upande wa pili, yale macho nayo yalikwenda.

"Mwangalie," Dada ananiambia, amekamata kiganja changu. "Mtu asiyekuwepo anafuata samaki?"

"Hata paka anafuata samaki, Dada."

Alikuwa ananitazama kwa chuki hapo, na ilikuwa haki yake. Kwake yeye tangi lile ndilo lilikuwa uzi wa mwisho. Kuna wiki moja ya joto maji yaligeuka kijani, samaki hawakuonekana, na macho ya mumewe yakatazama dari siku tatu mfululizo. Siku hizo tatu Dada hakutia kitu mdomoni. Nilijua basi kwamba tangi likifa, dada yangu naye hatachukua muda.

Sasa tangi linataka maji mapya. Ndoo nne za kutoa na nne za kuingiza, mara mbili kwa wiki, zikipita kati ya bafu na sebule. Ukichanganya na kumgeuza na kumnyanyua mtu mzima kila siku, mgongo wa Dada ukasalimu amri. Daktari wa mifupa alimwonyesha kwenye picha pingili mbili zilizobanana, akamwambia asinyanyue kitu kizito kuliko birika. Nilipokuwa sina zamu nilibeba mimi. Nilipokuwa na zamu alibeba yeye kwa siri, nami nilijua kwa jinsi alivyokuwa akishika ukuta anapotembea.

Aliyekuja na wazo la mabomba ni Fundi Mdogo. Jina lisikudanganye, ana miaka arobaini na mitatu, ndevu zimeshaingia mvi, ana karakana yake na wafanyakazi wake. Ila alijifunza kazi kwa Milimita, na maadamu Milimita ndiye Fundi, yeye atabaki kuwa Fundi Mdogo hadi anaingia kaburini. Kila Jumamosi alikuja kumwona. Alikuwa anavua viatu mlangoni, anafika kitandani, anainama.

"Shikamoo, mwalimu."

Kisha anasubiri. Anasubiri kweli, muda uleule ambao mtu angeutumia kuitikia marahaba, ndipo anakaa. Mimi jikoni nilikuwa nacheka hadi najiziba mdomo kwa kanga. Nikasema anangoja kabati limwitikie.

"Mama," alimwambia Dada Jumamosi moja, baada ya kumwona anavyoshika ukuta, "tutoboe tangi matundu mawili. Moja la kutoa maji, bomba lipite ndani ya kabati litokee bafuni. La pili la kuingiza, lenye koki. Utakuwa unafungua na kufunga, basi. Ndoo utaanikia nguo."

Dada alimkumbatia.

Kuhusu mahali pa kutoboa hawakubishana sana. Ubavuni tundu lingeonekana. "Mwalimu hapendi tundu linaloonekana," Fundi Mdogo alisema, na ni kweli, nimemsikia Milimita mwenyewe akisema hivyo mara mia. Wakakubaliana kitakoni.

Hapa inabidi nieleze jambo la kioo, kwa maana bila hilo hutaelewa tulichokifanya. Kioo cha kawaida kinatobolewa: unatumia biti yenye unga wa almasi, unaimwagia maji isipate moto, unakwenda taratibu, huikandamizi. Lakini kuna kioo kilichochomwa tanuruni kikapozwa ghafla kwa upepo ili kiwe kigumu, kile cha milango ya maduka. Mafundi hukiita tempa. Tempa ukiigonga kwa ngumi haikujali, ila ukiigusa kwa biti yote inasambaratika mara moja kuwa punje. Haikatwi, haitobolewi, haipunguzwi hata unywele. Kwa macho huwezi kuitofautisha na nyingine, kwa hiyo fundi mwenye akili hupima kwanza: anawasha runinga au simu ikae nyeupe nyuma ya kioo, anavaa miwani maalumu ya jua, na kioo kikiwa tempa anaona mabaka meusi. Milimita alikuwa anafanya hivyo hapa nyumbani, amevaa miwani ya jua sebuleni kama mwanamuziki aliyefulia, anazunguka na kipande cha kioo mbele ya taarifa ya habari.

Kwa hiyo Fundi Mdogo alipofika Jumamosi iliyofuata na drili, biti, koki na mkoba wa mabomba, mimi nilimtania.

"Leo huvai miwani yenu?"

Alitazama kitandani, akashusha sauti.

"Mama mdogo, nipime kazi ya mwalimu mbele yake? Hili tangi kalijenga kwa mkono wake. Angeweka tempa chini halafu asiniambie?"

Niliona haya. Nilijiona mtu nisiye na adabu, nikaenda kuleta beseni. Miezi minane nilikuwa sijamheshimu shemeji yangu hata kidogo, na siku niliyoanza ndiyo siku ambayo tulihitaji mtu mmoja tu wa kumkosea heshima.

Tuliwahamishia samaki kwenye beseni, nikaliweka chini karibu na mlango. Tukafyonza maji yote. Mimi, Fundi Mdogo na jirani yetu dereva tukalipindua tangi, kitako juu, tukalilaza kwenye meza ya kulia iliyotandikwa mablanketi mawili. Jirani akaaga. Fundi Mdogo akachukua kalamu, akapima, akachora duara la kwanza.

Hapo Milimita akatoa sauti.

Ilikuwa sauti ya kwanza tangu alipoanguka. Ilitoka kifuani, nzito, kama pampu inayovuta hewa badala ya maji. Macho yalikuwa yamemtoka. Dada alikimbia, akakagua mpira wa puani, akakagua shuka, akamshika paji la uso. Hakuna kitu. Sauti ikaendelea.

"Anaongea!" Dada alilia huku anacheka. "Jamani, mume wangu anaongea!"

"Anaumwa huyo," nikasema.

"Hapana, ni uchungu. Anaona tangi lake linakatwa. Anamwonea huruma Meneja." Alimpangusa mate. "Baba, vumilia, ni kwa ajili ya mgongo wangu. Tukimaliza utamwona tena."

Sauti ikazidi. Dada akaanza kulia kweli, nami kwa ajili yake nikakata shauri.

"Tumgeuze asione. Kwa nini tumtese?"

Tulimgeuza. Nilimshika bega na nyonga kama nilivyowaona wauguzi wakifanya, tukamlaza ubavu, uso ukutani, nikamwekea mito miwili mgongoni asirudi. Hata kule ukutani aliendelea, sauti ileile, sasa imefifishwa na godoro.

"Samahani, mwalimu," Fundi Mdogo alisema, amesimama nyuma yake. "Dakika ishirini tu."

Akafinyanga pete ya udongo kuzunguka alama, akamimina maji ndani yake, akainamisha biti kidogo ili ing'ate, akawasha. Mlio wa drili ukameza sauti ya mtu. Maji ndani ya pete yalianza kuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Nilikuwa nimesimama upande wa pili nimeshikilia blanketi lisiteleze. Nadhani dakika mbili hazikuisha.

Nilitarajia kwamba kioo kikivunjika kitalia kama sahani. Hiki kilipiga kama tairi linapopasuka. Kitako kizima kilikuwepo, kisha hakikuwepo, na punje zake zikamiminika ndani ya tangi na mezani na sakafuni hadi kwenye beseni. Drili ilimponyoka Fundi Mdogo, ikaangukia kioo cha mbele, nacho kikapasuka toka juu hadi chini na kumchana mkono chini ya kiwiko. Dada hakupiga kelele. Alikaa chini palepale aliposimama.

Na baada ya drili kuzimika, ukutani palikuwa kimya.

Tulimrudisha chali. Uso ulikuwa umelowa, mto umelowa, na mdomo wa chini ulikuwa na damu, ameung'ata. Fundi Mdogo, mkono umefungwa kitambaa changu cha kichwa, aliokota kitu mezani. Ilikuwa kona moja ya kitako, imebaki imeng'ang'ania kwenye gundi nyeusi. Alikwangua gundi kwa ukucha. Chini yake palikuwa na mhuri mdogo wa kiwanda, ule wanaougonga kwenye tempa tu.

Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwalimu, ulijua?"

Akasubiri, kama alivyokuwa anasubiri marahaba. Kisha akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisema katika nyumba ile kwa miezi minane, na waliotutangulia walishatuambia kwamba asiyeuliza hana ajifunzalo.

"Kama ulijua, fumba macho."

Milimita akafumba macho. Akayafumbua.

"Ni bahati tu," nikasema.

"Mwalimu, kama mimi ni mwanamke, fumba macho."

Macho yalibaki wazi. Yalibaki wazi hadi yakaanza kutiririka machozi yenyewe, na hayakupepesa hata ukope.

"Mama," Fundi Mdogo alimwambia Dada bila kugeuka, "yupo. Yupo kamili."

Mengine aliyapata kwa kuuliza. Miaka kumi na minne iliyopita walikuwa na kazi ya duka la dawa, na kioo cha juu ya mlango Milimita alisema kimevunjika njiani, akaagiza kingine kwa fedha zake. "Ni hiki, mwalimu?" Akafumba. "Kwa hiyo hakuna kilichovunjika njiani. Ulikosea kipimo?" Hapo alichelewa. Aliangalia dari kitambo kirefu. Kisha akafumba.

Mara moja tu maishani mwake alikuwa amekosea, na tempa haipunguzwi, kwa hiyo akakileta kioo nyumbani, akajenga tangi la kukitoshea, akatia maji na samaki juu ya aibu yake. Mke wake akaambiwa ni zawadi.

"Miaka kumi na minne nawaringia majirani," Dada alisema, kichwa amekilaza kifuani kwa mumewe. "Ungeniambia tu, baba. Ningekucheka siku moja, yakaisha." Alikuwa analia na kucheka, na mkono wake ulikuwa unapapasa uso ule kana kwamba ndiyo kwanza umerudi kutoka safari.

Samaki hawakufika Jumatatu. Meneja alikufa wa mwisho. Mama mmoja jirani alikuja kutupa pole, akasema maji yakimwagika hayazoleki, nikamjibu kwamba haya ya kwetu nimeyazoa mwenyewe kwa dekio, na punje za kioo bado zinanitoka kwenye nyayo. Sikuwa na hamu ya methali.

Maana furaha ya nyumba nzima haikuwa yangu. Dada alishinda akimuuliza: una kiu, una baridi, nifungue dirisha, mto umekuumiza? Alikuwa na mtu wa kuzungumza naye tena. Na mimi nilikuwa nasimama mlangoni na ufagio, nikihesabu niliyoyasema humo ndani. Yale ya kabati yalikuwa ya kuchekesha. Lakini kuna lingine, la mwezi wa tano wa ugonjwa, ambalo Dada halijui. Alikuwa bafuni, nimesikia ameanguka na ndoo, nimekwenda nimemnyanyua, nimemrudisha kitini hawezi kukaa sawa kwa maumivu. Alipokwenda kubadili nguo zilizolowa, niliinama kitandani, nikamwambia shemeji yangu sikioni, taratibu, ili kama yumo asikose hata neno:

"Ungekuwa na huruma, ungekufa. Unamuua dada yangu."

Halafu nikamfunika shuka vizuri.

Jumanne Dada alikwenda kuchukua dawa. Nilibaki naye peke yangu. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, mahali lilipokuwa tangi, ili nisiweze kusema kwamba hakuniona.

"Shemeji. Siku ile Dada alipoanguka bafuni. Ulisikia nilichokuambia?"

Alinitazama. Akafumba macho, akayafumbua.

Nilimwambia kwamba nilisema kwa hasira, kwamba nilimwogopea ndugu yangu niliyebaki naye peke yake duniani, kwamba mimi nina mdomo mchafu na yeye anajua. Nililia, nami si mwepesi wa kulia. Kisha nikauliza.

"Unanisamehe?"

Macho yalibaki wazi. Nilingoja kwa muda mrefu kuliko ambavyo Fundi Mdogo amewahi kungoja. Machozi yakamjaa, yakamtoka, yakapita pembeni hadi masikioni, na bado yalikuwa wazi, yamenikazia mimi. Nikaelewa. Hakuwa mtu wa kukadiria. Kama jibu lilikuwa hapana, lingekuwa hapana hadi milimita ya mwisho.

"Nisiingie tena humu?"

Akafumba.

Tangu siku hiyo naishia uani. Nafua mashuka yake, nayasuuza mara mbili, nayaanika, nayapiga pasi, namkabidhi Dada mlangoni. Akiniuliza mbona siingii, namwambia natoka kazini na dawa za kufulia mwilini, mgonjwa atapaliwa. Anaamini, au ana furaha kiasi cha kutojali. Ananisimulia kupitia dirishani: leo ametaka redio, leo amekataa redio, leo Fundi Mdogo ameleta tangi jipya, amelipima kwa miwani mbele ya mwalimu wake, na mwalimu amefumba macho kumruhusu atoboe.

Jana Dada alitoka uani anacheka, ameshika kiuno.

"Nimemuuliza kama anataka samaki wapya. Anataka. Nikamuuliza, je, akawachague mdogo wangu, awalete mwenyewe humu ndani?"

"Akasemaje?"

"Hakufumba. Alikuwa amechoka, nadhani."

"Amechoka, ndiyo," nikasema, nikainamia beseni nikaendelea kusuuza.